Mahali pa "a", "an" na "the" katika sentensi ya Kiingereza

Kiswahili hakina vineno vya aina hii, na ndiyo maana wengi wetu huandika "I bought book" bila kuhisi pengo lolote. Hata hivyo, maana inayobebwa na vineno hivyo si ngeni kwetu. Tukisema "nimenunua kitabu", msikilizaji hajui ni kitabu gani. Tukisema "nimekinunua kitabu", kile kiambishi "ki" kinamwarifu kuwa ni kitabu anachokijua tayari. Ya kwanza ni "I have bought a book", ya pili ni "I have bought the book".

Hatua ya kwanza: jiulize kama nomino inahesabika. Nomino ya umoja inayohesabika haiachwi peke yake. Hutanguliwa na "a", "an", "the", au neno kama "my" na "this". Kumbuka kuwa Kiingereza hakihesabu "luggage" wala "advice", ingawa sisi mizigo tunaihesabu.

Hatua ya pili: jiulize kama msomaji anajua unachokitaja. "A man knocked. The man was tired." Mtu huyo ni mgeni katika sentensi ya kwanza tu.

Hatua ya tatu: fuata sauti ya neno linalofuata, usifuate herufi. Twasema "an hour" kwa sababu "h" haitamkwi, na "a university" kwa sababu neno hilo huanza kwa sauti ya "y".

Hatua ya nne ni mpangilio, nayo ndiyo inayosumbua hata waliobobea. Kwa kawaida kineno hutangulia kivumishi, na kivumishi hutangulia nomino: "a very big house". Lakini "such", "what", "half" na "all" hukaa mbele ya kineno: "such a big house", "half an hour", "all the children". Nayo "so" na "too" hukivuta kivumishi mbele pamoja nayo: "so big a house", "too heavy a load".

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, mbona "the Nile" lakini "Lake Victoria"?

Jibu: Mito, bahari na safu za milima hupewa "the", kama "the Indian Ocean" na "the Usambara Mountains". Ziwa moja au mlima mmoja haupewi: "Mount Kilimanjaro". Hayo ni mazoea ya lugha, yakaririwe.

Swali: Naomba ufafanuzi, je, "go to school" na "go to the school" ni sawa?

Jibu: Hapana. Mwanafunzi anayekwenda kusoma "goes to school". Mzazi anayekwenda kumwona mwalimu mkuu "goes to the school", kwa kuwa kwake ni jengo tu. Ndivyo ilivyo pia kwa "church" na "prison". Kwa "hospital", Waingereza hufuata kanuni hiyohiyo, ilhali Wamarekani humwekea hata mgonjwa aliyelazwa "the": "in the hospital".