Kuingia na Kutia Nanga Lamu kwa Nahodha Mgeni

Mlango wa bahari wa Lamu, ulio kati ya kijiji cha Shela na kisiwa cha Manda, una mafungu ya mchanga ambayo hayaonekani maji yakijaa, na kosa la nahodha mgeni ni kuchagua siku ya bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko siku nyingine, kwa kudhani kwamba maji mengi ndiyo usalama. Katika bamvua maji hujaa kabisa mnamo saa kumi alasiri, na chombo kinachotoka Shela kwenda mjini hulielekea jua, ambalo mmetameto wake humzuia nahodha asitofautishe rangi ya maji ya kina na ya fungu. Mkondo nao huwa mkali.

Kwa hiyo namshauri mgeni aje katika maji mafu, siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo, yaani kati ya tarehe 8 na 10 za mwezi mwandamo, au 23 na 25, ambapo maji hujaa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, jua likiwa bado upande wa tezi (nyuma ya chombo). Afike mlangoni muda wa saa mbili kabla ya maji kujaa, ili chombo kikigusa mchanga, maji yanayopanda yakinyanyue. Wakati wa kusi asiingie kamwe maji yakipwa, kwa sababu upepo wa kusini-mashariki hupambana na mkondo unaotoka, na mawimbi huumuka papo hapo mlangoni. Matanga yapunguzwe mapema, mtu mmoja akae omo (mbele ya chombo) kutazama rangi ya maji na mwingine atie bildi (kamba yenye risasi ya kupimia kina) bila kukoma. Kulifuata jahazi la wenyeji husaidia kujua njia, lakini jahazi hupita mahali ambapo chombo chenye mkuku mrefu (uti wa chini ya chombo) hukwama.

Kutia nanga ndiko kunakohitaji hesabu zaidi. Maji uliyoyapima maji mafu yakiwa yamepwa siyo utakayoyakuta juma lifuatalo, kwani bamvua ikifika, maji yakipwa hushuka kama mita 1 chini ya kipimo chako, na yakijaa hupanda kama mita 3 kutoka hapo. Ukitaka kina cha mita 4 kibaki hapo chombo kilipo wakati wa kupwa kwa bamvua, basi tafuta mahali penye mita 5 maji mafu yanapokuwa yamepwa, na utoe mnyororo kwa hesabu ya mita 7 za maji yaliyojaa: mara tano yake, yaani mita 35. Chombo kitageuka kila mkondo unapogeuka, hivyo ni bora kutia nanga mbili, moja upande wa baharini na nyingine upande wa ndani, na kuacha wazi njia ya mashua zinazokwenda Mokowe, gati ya upande wa bara.

Ukipewa nafasi kwenye ukuta wa mjini, uliza kwanza kama chini hukauka, kisha uache kamba ndefu za omo na tezi, kwa kuwa kamba fupi iliyofungwa wakati wa kujaa hukiacha chombo kikining'inia maji yakipwa usiku.