Jinsi ya kushuti filamu fupi ya mdoli muuaji bila kufilisika

Katika filamu ya mdoli muuaji, hakuna kinachokula fedha kama mdoli anayetembea. Mota, rimoti, mafundi wa kuchezesha macho, siku nzima ya kazi kwa sekunde tatu za picha. Vingine vyote vinavyomtisha mtazamaji ni vya bei rahisi: mlango ulioachwa wazi, kishindo darini, uso wa mwigizaji. Kwa hiyo hapa tunafuata kanuni moja. Hofu tunainunua kwa vile vya bei rahisi, na mwendo wa mdoli tunauwekea akiba mpaka shoti (kipande cha picha kisichokatwa) moja au mbili zinazouhitaji kweli. Nazungumzia filamu ya dakika nane hivi, simu yenye kamera nzuri, nyumba moja na waigizaji wawili.

Hatua ya 1: Tazama filamu tatu ukiwa na kalamu mkononi

Anza na Trilogy of Terror, filamu ya televisheni ya Marekani ya mwaka 1975. Ruka moja kwa moja hadi hadithi ya tatu. Mwigizaji Karen Black yuko peke yake kwenye fleti, pamoja na kijisanamu cha mwindaji chenye meno makali. Andika kila shoti ambamo kijisanamu kinaonekana chote kikitembea. Utashangaa ni chache kiasi gani. Zilizobaki ni kamera inayokwenda mbio karibu na sakafu, vifundo vya miguu ya mwanamke, na sanduku la safari linalotobolewa na kisu kutokea ndani. Kwako wewe, shoti hiyo ya sanduku ni tundu lililokatwa upande usioonekana, mkono wa msaidizi na kisu butu. Gharama yake ni sanduku bovu.

Kisha Child's Play ya mwaka 1988. Hii ilikuwa na fedha. Uso wa Chucky, mdoli muuaji wa filamu hiyo, ulichezeshwa na mafundi kwa rimoti, na baadhi ya shoti za mwili mzima zilichezwa na Ed Gale, mwigizaji mwenye kimo kifupi sana, ndani ya seti zilizojengwa kubwa kuliko kawaida ili aonekane mdogo. Hayo hatuyawezi, tusijidanganye. Lakini shoti bora kuliko zote humo haikuhitaji fundi yeyote: mama anashika boksi la mdoli, na betri zinadondoka kutoka humo. Kumbe muda wote mdoli amekuwa akiongea bila betri! Mdoli mwenyewe hajajongea hata kidole, na nywele zimeshakusimama.

Ya tatu ni Puppet Master ya mwaka 1989, iliyotayarishwa na Charles Band na kupelekwa moja kwa moja kwenye kanda za video bila kupita sinema. Fundi David Allen alifanya stopu mosheni, yaani kupiga picha moja moja huku mdoli akisogezwa kidogo kidogo, kwa shoti chache tu. Mwanzoni kabisa mdoli aitwaye Blade anakimbia kuelekea hotelini, nasi hatumwoni: tunaona anachokiona yeye. Ukitaka kujifunza ubahili wenye akili, rudia dakika hizo za kwanza mara kadhaa.

Hatua ya 2: Andika skripti, kisha umnyang'anye mdoli kazi

Ukimaliza kuandika, pigia mstari kila kitenzi cha mdoli. Anasimama, anapanda kitanda, anafungua droo. Kwa kila kimoja jiulize: mtazamaji anahitaji kukiona kikitendeka, au inatosha kukuta kimeshatendeka? Droo iliyofunguka yenyewe ni bure. Mdoli anayefungua droo ni nusu siku.

Kuna jambo la kwetu usilisahau. Mtazamaji wa Marekani ameridhika akiambiwa roho ya muuaji imeingia kwenye mdoli. Mtazamaji wa Mbagala au wa Mombasa atauliza swali jingine: nani kamtuma? Ukimnyima jibu atasumbuka nalo filamu nzima. Si lazima umwoneshe mganga na tunguri, tafadhali, hayo tumeyaona vya kutosha. Zawadi iliyoletwa na mtu ambaye hakualikwa kwenye sherehe inatosha kabisa.

Hatua ya 3: Mtafute mdoli

Nenda kwenye mitumba, Karume kwa wa Dar, Gikomba kwa wa Nairobi, uchimbue kwenye marundo ya vitu vya watoto. Unatafuta uso usio na hisia. Mdoli aliyekwisha kununa au kucheka kwa ukatili amekumalizia siri mapema, wakati uso mtupu utabadilika wenyewe kulingana na sini. Ukimpata yule ambaye macho hufumba akilazwa na kufumbuka akiinuliwa, usibishane sana kuhusu bei.

Plastiki hung'aa chini ya taa. Pitisha msasa laini usoni, halafu poda kidogo. Nguo zake zilowekwe kwenye chai ya rangi nzito usiku kucha, zikauke bila kupigwa pasi. Usichore makovu wala damu. Na usinunue mdoli wa Chucky wala kumwiga: sura ile ina wenyewe.

Hatua ya 4: Mfanye aonekane anatembea

Hapa ndipo penye kazi. Zipange mbinu kuanzia ya bure, upande kidogo kidogo.

Ya kwanza ni kumsogeza wakati kamera haimtazami. Shoti A, mdoli yuko kwenye kochi anaangalia dirisha. Mwigizaji anapita na ndoo. Shoti B, fremu ile ile, anaangalia mlango. Funga kamera kwenye tripodi na usiiguse kati ya shoti hizo mbili, la sivyo mtazamaji ataona kamera imesogea badala ya mdoli.

Ya pili ni kuigeuza kamera iwe macho yake. Igeuze simu kichwa chini, lenzi iwe karibu na sakafu, uiweke juu ya kitambaa kinene na kuivuta kwenye vigae. Msaidizi aivute kwa mikupuo, si kwa ulaini: miguu mifupi huchapua hatua.

Ya tatu ni mkono kutoka chini. Funga kijiti mgongoni mwa mdoli, ujifiche nyuma ya kochi au chini ya kitanda, na umwoneshe kuanzia kifuani tu. Kichwa kikichungulia taratibu, kikasita, kisha kikazama ghafla, umeshapata shoti ya trela. Kuichezesha mikono ya mdoli, tumia mshipi wa kuvulia samaki. Mshipi hung'aa ukipigwa na taa, kwa hiyo taa itoke mbele badala ya pembeni, na ukuta wa nyuma uwe na pazia la maua maua.

Ya nne ni kurudisha nyuma. Unataka mdoli amrukie mtu usoni? Usimrushe. Anza mdoli akiwa ameng'ang'ania uso wa mwigizaji, mvute kwa nguvu atoke nje ya fremu, halafu kwenye uhariri ugeuze klipu ianzie mwisho. Atatua pale pale ulipotaka kila mara. Mwigizaji naye aigize kinyume, aanze na mshtuko na kuishia ametulia, jambo linalohitaji mazoezi na kicheko kingi.

Ya mwisho ni stopu mosheni, na hii ni kwa shoti moja tu. Ukishuti kwa fremu 24 kwa sekunde (fremu ni picha moja tuli ndani ya video), piga picha 12 kwa kila sekunde na kila picha ikae fremu mbili. Shoti ya sekunde nne ni picha 48. Mdoli wa plastiki ngumu hakunji miguu, kwa hiyo chagua mwenye mwili wa kitambaa, umtie waya laini wa kufungia nondo kwenye miguu na mikono. Funga fokasi na mwanga kwenye simu, ziba madirisha ili jua lisikubadilishie rangi, na vaa nguo nyeusi ili usiakisi mwanga mpya kila unapomsogelea.

Hatua ya 5: Taa

Ukiacha shoti za mshipi, taa moja, iliyowekwa chini au pembeni, ikimwacha mdoli nusu gizani. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo weka shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) kwenye 1/50 au 1/100 ya sekunde, vinginevyo taa nyingi za nyumbani zitaleta mistari inayotembea kwenye picha.

Hatua ya 6: Sauti

Mdoli wako anaishi kwenye sauti kuliko kwenye picha. Rekodi hatua zake kwa vidole viwili vilivyovikwa viatu vya mtoto mchanga, ukivitembeza juu ya meza ya mbao huku simu ikiwa karibu. Kisha ziweke darini. Kila mtu aliyelala kwenye nyumba yenye dari anajua mbio za panya usiku, kwa hiyo mwache mhusika aseme, "Panya hao," ageuke ukutani alale. Mara ya pili hatua ziende taratibu mno kwa panya. Hapo hakuna haja ya muziki. Ukiweka kinanda cha kutisha juu yake unamwambia mtazamaji kuwa hujaamini kazi yako.

Hatua ya 7: Mwigizaji ndiye nguvu ya mdoli

Mdoli hana uzito, hivyo uzito atampa anayepigana naye. Mwigizaji amshike kana kwamba anasukumwa, misuli ya shingo ikaze, arudi nyuma hadi ukutani. Fanyeni mazoezi bila kamera mpaka aliye pembeni aache kucheka. Kisu kiwe cha mbao laini kilichofunikwa na foili ya jikoni, kamwe kisiwe cha kweli, hata kwenye shoti ya karibu.

Damu: pika shira nzito ya kaimati, iache ipoe, tia rangi nyekundu ya chakula na kakao kidogo ili isiwe na wekundu wa soda. Inatia madoa, basi tandika plastiki kwanza.

Hatua ya 8: Uhariri

Katika kila shoti ambayo mdoli anajongea, kata kabla mwendo haujaisha. Fremu 10 hadi 20 zinatosha, kisha rudi kwenye uso wa mwigizaji. Ikiwa shoti ya stopu mosheni imekupendeza sana kwa sababu umeihangaikia siku nzima, mpe mtu mwingine aikate.

Ukiwa Tanzania, kibali cha kushuti hutolewa na Bodi ya Filamu, na kazi ikikamilika hupelekwa huko kuhakikiwa na kupangiwa daraja la umri. Lishughulikie mapema. Kwa picha ya jalada mtandaoni, usimweke mdoli mwenye kisu. Weka kochi tupu, lenye alama ya kitu kidogo kilichokuwa kimekaa hapo.