Kubadilisha shokapu na springi za Impreza nyumbani: lini ufunge mwenyewe na lini umwachie fundi

Kabla mwenye Subaru Impreza WRX hajalipia springi fupi na shokapu ngumu, na kabla hajaamua kama atazifunga mwenyewe uani kwake au atalipeleka gari gereji, inafaa kwanza aingie chini ya gari hilo na tochi. Magari mengi ya aina hii yaliyopo Dar es Salaam yaliingia nchini kutoka Japani yakiwa yameshatumika kwa miaka mingi, na kile ambacho mwenyewe hukiita kuyumba mara nyingi hutokana na bushi (vipande vya mpira) za wishboni, yaani mikono ya chuma inayolishika gurudumu kwa chini, zilizopasuka, bolijointi (kiungo cha duara cha mkono huo) iliyolegea, au shokapu iliyokwisha kuvuja mafuta. Ukifunga shokapu za michezo huku bushi zimekufa, utakuwa umenunua kelele kwa bei kubwa.

La pili la kufikiri ni kimo cha gari. Wengi wanaoishusha Impreza husema wanataka ifanane na gari la rali, ilhali ile ambayo dereva Colin McRae alishindia Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997, na ile ya Richard Burns ya mwaka 2000, ziliandaliwa zikiwa zimeinuliwa, na shokapu zake zilikuwa na mwendo mrefu ili zihimili mawe na mashimo. Gari lililoshushwa sentimita 3 na linalopita kila siku kwenye rasta na matuta hubakiwa na nafasi ndogo ya shokapu kucheza, hivyo hugonga raba ya kikomo mara kwa mara, na shokapu hufa mapema. Kwa barabara zetu, mimi huona ni afadhali shokapu imara zaidi juu ya springi zenye kimo cha kiwandani.

Ukishaamua kwamba mabadiliko yanahitajika kweli, ndipo swali la nyumbani au gereji linapokuja, na jibu lake halitegemei sana ujuzi wa kufungua bolti. Mbele ya Impreza, shokapu imepita katikati ya springi, na viwili hivyo kwa pamoja huunda mguu mmoja uliofungwa juu kwa nati tatu ndogo zinazoonekana ukifungua boneti, na chini kwa bolti mbili kubwa zinazoushika kwenye kipande kinachobeba habu, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa. Matoleo yaliyotangulia lile la mwaka 2007 yana muundo huohuo nyuma pia, isipokuwa nati za juu zimefichwa na kiti au mapambo ya ndani. Mguu mzima ukitolewa na mwingine mzima ukarudishwa, kazi hiyo iko ndani ya uwezo wa mtu makini mwenye spana nzuri na siku mbili za mapumziko.

Hatari iko kwenye nati moja tu. Katikati ya zile nati tatu ndogo kuna nyingine kubwa zaidi, iliyofungwa kwenye ncha ya chuma cha shokapu, na hiyo ndiyo inayoizuia springi iliyobanwa kwa nguvu ya mamia ya kilo isifyatuke. Anayeilegeza akidhani ni mojawapo ya nati za kutolea mguu anaweza kupoteza meno, jicho au maisha. Springi hutenganishwa na shokapu kwa kibanio maalumu, na vibanio vyepesi vya ndoano mbili vinavyouzwa kwa bei ya chini huteleza pembeni, hasa springi ikiwa na kutu. Kwa sababu hiyo ushauri wangu ni kuigawa kazi: toa miguu mwenyewe, ipeleke gereji yenye kibanio kizito kilichofungwa mezani au ukutani, fundi ahamishe springi na maunti za juu (vishikio vya kufungia mguu kwenye bodi) kwenye shokapu mpya, kisha urudi kufunga nyumbani. Gharama ya hatua hiyo ni sehemu ndogo tu ya gharama ya kazi nzima, na sioni sababu ya kuikwepa.

Halafu kuna suala la ardhi, ambalo watu hulisahau. Siku moja niliinua gari kwenye ua wa mchanga, stendi ikiwa juu ya kipande cha ubao niliochukua bila kuuangalia vizuri. Nilipoanza kuvuta spana kwa nguvu, ubao ulipasuka kwa mlio mdogo, mguu mmoja wa stendi ukazama, na gari likalala taratibu upande wangu. Gurudumu nililokuwa nimelilaza chini ya bodi ndilo lililolidaka. Kama huna sakafu ya zege iliyo sawa, usianze. Na hata kwenye zege, usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Siku moja kabla ya kazi, pulizia bolti zote mafuta ya kulegeza kutu. Pima pia umbali kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake, na uandike vipimo vyote vinne. Bolti ya juu kati ya zile mbili za mbele ina kichwa chenye alama, kwa kuwa ndiyo inayorekebisha mwinamo wa gurudumu, hivyo iwekee alama ya rangi kabla ya kuigusa. Fungua kishikio cha mpira wa breki na waya wa ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasikwame wakati wa breki) vilivyoshikizwa kwenye shokapu, kisha ukifunge kile kipande cha habu kwa kamba au waya mgumu, kwa maana kikiangukia nje kitavuta mpira wa breki na kinaweza kuichomoa jointi ya ekseli.

Kukaza kunahitaji spana inayopima nguvu. Nati tatu za juu hukazwa kwa takriban Nm 20 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza), ilhali zile bolti mbili za chini huhitaji zaidi ya Nm 150. Kipimo kamili kimo kwenye kitabu cha ufundi cha toleo lako, na mkono uliozoea bolti za chini huzikata nati za juu kirahisi. Ikiwa ulilegeza wishboni, bolti zinazopita kwenye bushi zikazwe mwisho, gari likiwa limesimama kwa uzito wake wote, vinginevyo bushi hubaki zimejisokota na hupasuka upesi.

Hakikisha pia kwamba siku inayofuata utapata nafasi ya kupima alaimenti (mpangilio wa pembe za magurudumu), kwa sababu hakuna alama ya rangi inayoweza kurudisha magurudumu mahali pake sawasawa, na tairi huanza kuliwa mapema. Kampuni ya bima nayo ijulishwe kwamba gari limebadilishwa.

Baada ya siku chache za kuendesha, rudia kukaza na upime tena zile nafasi nne. Mbele ikitofautiana kulia na kushoto kwa zaidi ya sentimita 1, na haikuwa hivyo mwanzo, angalia ncha ya chini ya springi kama imekaa kwenye kituo chake ndani ya kikombe kinachoibeba springi. Ikiwa imekipanda, mguu huo utatoka tena na kurudi kwenye kibanio.