Namna ya kuandika kilima cha Dodoma kwenye hadithi

Kabla ya sentensi ya kwanza, chagua mwezi. Dodoma mvua hunyesha kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, miezi mingine ni ukame mtupu, na kilima hichohicho huwa vilima viwili tofauti. Januari kimevaa kijani na mtama umechipua bondeni. Agosti nyasi zimekauka, mibuyu imebaki matawi matupu. Ukimketisha mhusika wako chini ya majani mabichi ya mbuyu mwezi wa Agosti, msomaji wa Chamwino hatakuamini tena, hata kwenye mambo uliyoyapatia.

Walioandika vilima vya Uingereza nao wanabanwa na kalenda. Kule hufunikwa na hetha, kichaka kifupi kisichofika hata kiunoni, na ile zambarau inayosifiwa hudumu kwa wiki chache tu mwishoni mwa kiangazi chao. Muda uliobaki ni kahawia. (Jamii ya mimea hiyo tunayo pia: iko Kilimanjaro, juu ya msitu.)

Jambo la kuiga kwao ni upepo. Emily Brontë, katika riwaya yake ya 1847, hatuambii tu kwamba upepo ni mkali. Anatuonyesha miti iliyodumaa, imelalia upande mmoja. Yaani andika alama ambayo upepo umeiacha. Dodoma alama hizo zimejaa: mawe yaliyowekwa juu ya bati lisiezuliwe, nguo zilizoanikwa nyeupe zikaanuliwa zina wekundu, mwanamke anayeshika khanga kwa mkono mmoja njia nzima. "Upepo mwanana" waachie watu wa pwani.

Kisha panda kwa miguu, usitazame kutoka barabarani. Vilima vyetu vingi ni matale, yaani graniti, na jiwe hilo likimomonyoka huacha changarawe inayoteleza, hasa wakati wa kushuka. Nenda saa kumi na moja jioni, ukae hadi giza liingie. Andika ulichokanyaga, ulichoshika, ulichosikia. Rangi ziache mwisho, maana ndizo zinazokuja zenyewe.

Sentensi mbovu ni kama hii: "Kilima kilikuwa na mandhari nzuri ya kuvutia." Haina mtu wala saa. Jaribu hivi: "Changarawe ilimtoka chini ya kandambili, akadaka jiwe, lilikuwa bado na joto la mchana, ingawa ng'ombe walishaingia zizini."

Kuhusu urefu, Thomas Hardy, mwandishi mwingine wa Uingereza, katika riwaya yake ya 1878 aliipa nyika sura nzima ya kwanza kabla mtu yeyote hajatokea. Kwenye hadithi fupi ya maneno 2,000 usithubutu. Maneno 60 au 80 kwa mkupuo yanatosha, mengine yachomeke mhusika anapotembea, anapochoka, anapotafuta mbuzi.

Ukimaliza, futa "Dodoma" uandike "Lushoto". Aya ikikubali bila kuvunjika popote, bado hujakiandika kilima chako.