Mboji ya choo: usiamini pua

Hapa Goma, mawe ya volkano yakiwa kila mahali na udongo wenyewe kiganja tu, mtu akikuletea gunia la mboji ya choo, yaani kinyesi cha watu kilichoozeshwa, unashukuru. Ila usiamini pua. Kutonuka si kuiva: mayai ya minyoo ya tumbo hukaa hai udongoni miaka. Kinachoyaua ni joto. Lundo lizidi digrii 50 kwa wiki nzima angalau, na ligeuzwe ili ya pembeni iingie katikati.

Huna kipimajoto? Chomeka kipande cha nondo hadi ndani kabisa, ngoja dakika 10, chomoa, futa, ushike. Ukikiachia haraka, lundo linafanya kazi. Kikiwa vuguvugu tu, ongeza majani mabichi na maji kidogo, geuza tena. (Na unawe, jamani!)

Mimi naifukia kwenye migomba na mahindi. Karoti na saladi, hapana. Tope la choo lililochanganyika na maji ya viwanda usiliguse kabisa, maana metali nzito (madini yenye sumu) haziondoki kwa joto. Wenzetu wa Lubumbashi, kwenye shaba na kobalti, waangalie zaidi.