SOMO: Kurefusha usukani wa baiskeli ya mbio za saa na triathloni. Anza na viwiko, vidole vitafuata

Wakuu, habari zenu. Swali linalojirudia sana ni hili: "Nabanwa kwenye baiskeli ya saa, nivute mirija mbele kiasi gani?" Leo naomba tulijadili kwa kina, kwa sababu wengi tunaanzia mahali pasipo.

Tuelewane kwanza kwa majina. Mbio za saa ni zile ambazo kila mtu anaendesha peke yake akishindana na saa; triathloni ni kuogelea, baiskeli na kukimbia. Mirija ni ile miwili ya mbele unayoishika kwa vidole ukiwa umelala. Pedi ni pale unapoweka mikono, karibu na viwiko. Stemu ndiyo inayounganisha usukani na shina la foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele.

Nilipoanza, nilivuta mirija sentimita 4 kwa mkupuo mmoja, pedi nikaziacha pale pale. Dakika kumi za mwanzo nilijiona kama mshale. Baadaye mabega yakaanza kuwaka, kila baada ya muda mfupi nikawa nateleza hadi pua ya kiti na kujirudisha nyuma. Niliposhuka nilitazama mikono yangu: alama nyekundu za pedi zilikuwa kwenye ncha za viwiko na nyuma yake. Vigasha vizima vilikuwa vinaning'inia hewani. Alama ile ilinifundisha kuliko maelezo yote niliyokuwa nimesoma. Uzito wa kiwiliwili unabebwa na pedi. Mkono wa juu unatakiwa usimame juu ya pedi kama nguzo, mifupa ibebe, misuli ipumzike. Mirija kazi yake ni kushikwa tu.

1. Pima kabla ya kugusa bolti yoyote

Simamisha baiskeli mahali palipo sawa, hakikisha kwa pimamaji. Teremsha timazi kutoka pua ya kiti, kisha pima kwa mlalo hadi ukingo wa nyuma wa pedi, na hadi mwisho wa mirija. Pima pia kwa mlalo kutoka ekseli ya kati, ile inayozungushwa na mikono ya pedali, hadi mwisho wa mirija, na kimo cha pedi kutoka sakafuni. Andika. Zungushia mirija kipande cha selotepu pale inapoingia kwenye klampu (kibano kinachoishika), ili ukitaka kurudi ujue ulikotoka.

Halafu pigwa picha ya ubavuni ukiwa kwenye treina (kifaa cha kukanyagia baiskeli ikiwa imesimama), baada ya dakika kumi za kukanyaga. Picha ya dakika ya kwanza inadanganya, kila mtu anakaa vizuri akijua anapigwa picha.

2. Kiti kiache

Usirudishe kiti nyuma ili kupata nafasi mbele. Kiti kinawekwa kwa ajili ya miguu na nyonga. Ukikirudisha, nyonga zinajikunja zaidi goti likifika juu, pumzi inabana na nguvu inapotea. Ila kama ulikisogeza mbele hivi karibuni, hapo ndipo urefu wako ulipopotelea: kiti kikienda mbele milimita 20, umejipunguzia milimita 20 za nafasi.

3. Sogeza pedi

Pedi nyingi zina safu ya matundu. Sogeza mbele tundu moja, au milimita 10, kaza, panda. Unatafuta mambo mawili. Pedi ikushike mbele kidogo tu ya kiwiko, na ukitazamwa ubavuni, pembe ya kwapani, kati ya mkono wa juu na kiwiliwili, iwe karibu na digrii 90 au izidi kidogo. Ikifunguka mno utaanza kujivuta kwa mabega ili usiteleze.

Kwa wengi wetu hapa panatosha; ruka hatua ya 4, nenda ya 5.

4. Stemu, kama matundu yamekwisha

Weka stemu ndefu zaidi ikiwa pedi zimefika mwisho, au ikiwa unabanwa hata ukishika usukani wa chini wenye breki. Stemu ya kawaida inashika usukani wenye kipenyo cha milimita 31.8, lakini baiskeli nyingi za saa zina stemu ya muundo wake pekee, hivyo thibitisha modeli kabla ya kununua.

Kitu ambacho wengi hawakijui: shina la foku limelala, halikusimama wima. Ukiongeza spesa (pete za kuinua) za milimita 10 chini ya stemu, usukani unapanda na pia unarudi nyuma kama milimita 3. Ukizitoa, unashuka na kwenda mbele kiasi hicho hicho.

Wakati wa kufunga, kaza kwanza bolti ya juu hadi beringi zisicheze, ndipo ukaze za ubavuni. Kamata breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia "tok" beringi bado zinacheza.

5. Sasa mirija

Mikono ikiwa imetulia kwenye pedi, vidole vizunguke mwisho wa mirija bila kifundo kunyooka wala kujikunja. Hapo ndipo urefu wako. Usivuke mstari wa mwisho uliochorwa kwenye mrija. Mrija ulioshikwa na klampu kwa ncha tu unaweza kuchomoka au kuvunjika uso wako ukiwa juu yake.

Kama ni kaboni, usipake grisi, paka pesti ya kaboni, ile ya kuzuia kuteleza, na tumia spana ya kupimia mkazo kwa namba iliyoandikwa kwenye klampu yenyewe. Mara nyingi ni kama Nm 5 (nyutoni-mita, kipimo cha mkazo), lakini soma yako.

6. Waya

Zungusha usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Waya wa gia au breki ukivutika au ukikunjika kwa pembe kali, ni mfupi. Usiondoke nyumbani hivyo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, somo limenikaa. Breki zangu ni za oili na mpira umepita ndani ya usukani. Nikibadilisha stemu inakuwaje?

Stemu ikizidi ya zamani kwa milimita 10 tu, mara nyingi mpira unatosha. Zaidi ya hapo, pima kwanza. Mpira ukiwa mfupi, weka mwingine na utoe hewa kwenye mfumo. Usiulazimishe, kwa sababu unaweza kuchomoka kwenye kiungo ukiwa mteremkoni.

Nina urefu wa sentimita 187, nataka kushiriki mbio za saa. Kuna kikomo?

Kwa kanuni za UCI (shirikisho la kimataifa la baiskeli) zilizoanza 2023, kutoka ekseli ya kati hadi mwisho wa mirija, kwa mlalo, ni sentimita 80 kwa walio chini ya sentimita 180, sentimita 83 kwa wa 180 hadi 189.9, na 85 kwa wa 190 kwenda juu. Wewe ni 83. Triathloni zina kanuni zake, soma za mbio zako.

Dada hapa. Tangu nirefushe, baiskeli inayumba upepo ukipiga ubavuni. Nimekosea?

Si lazima, dada. Uzito umehamia mbele, usukani unapokea kila msukumo wa mwili wako. Tanua pedi milimita 10 kila upande, uendeshe wiki nzima. Ikiendelea, rudisha pedi nyuma milimita 5. Ndiyo maana nasisitiza hatua ndogo.

Mrija wangu wa kaboni unalia "krr" kwenye klampu nikiuvuta. Nikaze zaidi?

Hapana, ndugu yangu. Fungua, uchomoe wote, ufute, uutazame juani ukiuzungusha taratibu. Mkwaruzo wa rangi peke yake si tatizo. Ukiona mstari ambao ukucha unakwama, au mahali panapobonyea kwa kidole, mrija huo umekwisha, usiurudishe. Ukiwa mzima, safisha klampu, paka pesti, kaza kwa namba yake. Ukilia tena, usipande hadi fundi auone.