Mimea hai kwenye kizimba cha kinyonga na chura: anza na mizizi

Majani yakilegea ndani ya kizimba cha kioo, wengi hukimbilia chupa ya maji, na hapo ndipo mmea unapomalizwa. Kizimba hakina tundu chini. Maji yakituama mizizi hukosa hewa na kuoza, na mmea uliooza mizizi hunyauka sawasawa na wenye kiu. Chimbua kwa kidole: udongo ukinuka kama tope la mikoko, acha kumwagilia.

Dawa yake ni kupanga sakafu vizuri kabla hujapanda chochote. Tandaza kokoto kina cha vidole vitatu, juu yake wavu wa plastiki wa dirishani, kisha udongo. Usitumie chandarua chakavu cha kitandani! Vyandarua vyetu vingi vimetiwa dawa ya mbu, na dawa hiyo ni sumu kwa chura na kwa kinyonga.

Udongo mzuri ni mboji ya majani iliyochanganywa na makumbi ya nazi, na Tanga nazi hatuna shida nayo. Ila uliza makumbi yametoka wapi. Yale yaliyofukiwa ufukweni ili kupata usumba wa kusokotea kamba yamejaa chumvi, ambayo huunguza mizizi na kumkausha chura, kwa kuwa ngozi yake hupitisha maji na kila kilichomo. Chukua makumbi ya nazi iliyofuliwa shambani, yachambue, yaloweke kwenye maji baridi na kuyamwaga mara kadhaa. Mchanga wa pwani usiuguse kabisa. Samadi mbichi na urea pia ziache. Kinyesi cha mnyama mwenyewe kinatosha kuwa mbolea.

Mche wa kununua usiingie kizimbani siku hiyohiyo. Huenda ulipuliziwa dawa bustanini, na kinyonga hunywa matone yaliyo juu ya majani. Osha majani pande zote, kung'uta udongo wote wa kwenye kiriba, panda upya, uuweke kando mwezi mzima. Mnyaa usikaribie: utomvu wake hupofusha.

Maji ya mvua ndiyo bora. Ya bomba yaache usiku kucha kwenye ndoo isiyofunikwa ili klorini ipungue. Nyunyiza asubuhi, majani yakauke kabla ya usiku. Kinyonga mjengee kizimba cha wavu, maana kioo humnyima hewa. Kioo kisipigwe na jua la moja kwa moja: dirisha la mashariki lenye pazia jepesi linafaa.

Kangaga hustawi vizuri kwenye kizimba cha chura. Saintpaulia, ua la Usambara linalopendwa duniani kote, hukaa kwenye miamba yenye kivuli na halitaki majani yake yalowe kila siku. Lipande pembeni, mbali na mnyunyizo. Nunua la kitaluni. Ya porini huko Amani, milimani Usambara, yanazidi kuadimika, hayang'olewi, kama ambavyo kinyonga wa msituni hakamatwi bila kibali.